Pembeni moto, katikati barafu: namna ya kupasha chakula kwenye maikrowevu

Mimi ni mama ntilie, ila sina kibanda. Napikia nyumbani Buguruni, hapa Dar, na ikikaribia saa sita na nusu mchana chakula kinapanda bodaboda kwenda maofisini Posta: wali nazi, maharage, kuku, samaki, mchicha. Siku moja mteja wangu, kijana mpole ambaye hata kulalamika hajui, akanirudishia paja la kuku lililong'atwa mara moja tu. "Samahani mama, hili halijaiva."

Nikalichana kwa vidole palepale. Limeiva, tena nililichemsha mwenyewe kabla ya kuliunga. Ila jirani na mfupa lilikuwa na ubaridi wa friji. Kumbe alilinunua jana yake, akalilaza kwenye friji ya ofisi, kesho yake akalitia kwenye maikrowevu dakika 2, akaona mchuzi unatokota pembeni, akatoa.

Iliniuma, maana jina linaloharibika ni langu. Nikatafuta maikrowevu ya mtumba, nikaikalia wiki nzima kama mtu anayejifunza cherehani.

Cha kwanza nilichofanya ni kujua inachoma wapi. Nawe jaribu. Toa sahani inayozunguka, funika kile kinundu cha kuzungushia kwa bakuli la kioo ulilolipindua, juu yake weka sahani bapa iliyojaa slesi za mkate zilizopakwa siagi ya baridi. Washa kama nusu dakika, kisha chungulia. Mimi nilikuta siagi imeyeyuka kwa madoa madoa, hapa maji, pale bado ngumu, na kutoka doa hadi doa sehemu nyingine ni kama sentimita 6. Maikrowevu inapasha kwa mawimbi yasiyoonekana, nayo yana urefu wa sentimita 12 hivi. Yanagonga kuta za chuma, yanarudi, yanapishana. Yanapoongezana panaungua, yanapouana panabaki baridi. Sahani inazunguka kwa sababu hiyo, ili chakula kipite kwenye madoa yote. Ila katikati ya sahani hapaendi popote, panazunguka palepale.

Tena watu hudhani maikrowevu inaivisha kuanzia ndani. Hapana. Kwenye nyama mawimbi yanaingia sentimita 1 au 2 hivi, na huko mbele joto linatambaa lenyewe polepole kama kwenye jiko lolote.

Ukishayajua hayo mawili, mengine ni akili ya jikoni. Usirundike wali kama kichuguu. Utandaze, halafu tengeneza shimo katikati mpaka uone sahani, ubaki mduara kama ngata ya kubebea ndoo kichwani. Vipande vya kuku navyo vipange pembezoni, upande mnene uangalie nje, mwembamba uangalie ndani. Samaki mwenye mkia mwembamba, ukunjie chini. Nyunyizia wali kijiko kimoja au viwili vya maji, funika kwa sahani nyingine ukiacha upenyo kidogo. Mvuke ukibaki humo unafika hata mawimbi yasipofika, na wali haukauki ukawa kama mchele.

Kuhusu muda, angalia kibandiko cha nyuma au cha mlangoni kinachotaja wati. Chakula kinachotaka dakika 3 kwenye mashine ya wati 1,000 kitataka kama dakika 4 na robo kwenye ya wati 700. Ile ya ofisini kwenu ikiwa tofauti na ya nyumbani, usibebe dakika za nyumbani. (Wanaoniuliza umeme wa LUKU: yangu ya wati 800 inavuta kama 1,200 ukutani, kwa hiyo dakika 5 ni sehemu moja ya kumi ya uniti. Friji yenu ndiyo ya kugombana nayo.)

Sasa lile paja. Ningelipasha hivi. Nalichana mara mbili hadi mfupani, nalipaka mchuzi, nafunika, nawasha dakika 1 na nusu. Natoa, nageuza, upande wa juu unakuwa chini. Narudisha dakika 1 na nusu nyingine, safari hii kwa nguvu ya kati, ili joto lipate nafasi ya kutambaa badala ya pembeni kukauka kama kamba. Halafu nazima na kuliacha limefunikwa dakika 2. Hapo ndipo wengi wanashindwa, kwa sababu njaa haina subira, lakini dakika hizo 2 ni za kupikia, si za kupoza. Mchuzi na maharage ni rahisi zaidi: washa, koroga mpaka chini, washa tena.

Kipimo cha usalama ni nyuzi 70 za Selsiasi katikati kabisa, hata kwa kilichokwisha kupikwa. Kipimajoto cha chakula kinafaa sana kununua. Asiyekuwa nacho achome kisu sehemu nene kabisa, ahesabu hadi 10, aguse ubapa wa kisu kwa nyuma ya mkono. Ukiona ni vuguvugu, rudisha. Mvuke unaotoka pembeni usikudanganye.

Cha kutoka friza kina balaa lake. Barafu haishiki mawimbi vizuri, maji yanayashika sana. Kwa hiyo pale palipoanza kuyeyuka panakimbia mbele na kuiva, huku jiwe la katikati likikutazama. Tumia nguvu ya chini kabisa, simamisha mara kwa mara, tenganisha vipande kadiri vinavyoachia. Na ukishayeyusha nyama namna hiyo, ipike papo hapo, usiirudishe friji, maana kuna sehemu zimeshapata joto la kufugia vijidudu.

Lakini hakuna kupasha kutakakookoa wali uliolala mezani. Hili nalisema kwa hasira kidogo. Nakuletea saa sita na nusu, uko kwenye kikao, unaufungua saa kumi na moja jioni, umeshinda kwenye joto la Dar, unautia kwenye maikrowevu unasema nimeua wadudu. Mchele una bakteria anayeitwa Bacillus cereus. Mbegu zake zinavumilia hata kuchemshwa sufuriani. Wali ukipoa polepole zinaamka, zinaacha sumu, na sumu ile ya kutapisha haiondoki kwa kupasha. Kukaa nje ya friji kwa muda wa saa 2 ndiyo mwisho. Kama hutakula sasa, tandaza kwenye chombo bapa upoe haraka, funika, ingiza friji, kesho upashe mara moja tu.

Vyombo sitavimaliza. Kioo na udongo ni salama, isipokuwa zile sahani za wageni zenye mstari wa dhahabu, zinatoa cheche. Karatasi ya aluminiamu hapana. Kontena zangu za plastiki ni za kubebea. Hamishia kwenye sahani kwanza. Maji ya chai yakichemshwa humo kwenye kikombe yanaweza kutulia kimya kabisa, kisha yakakurukia ukitia kijiko. Ingiza kijiti cha mbao kabla ya kuwasha. Maziwa ya mtoto usiyapashe humo, chupa inakuwa ya vuguvugu na ndani kuna doa linalounguza ulimi.

Kuku mbichi mzima simpiki kwenye maikrowevu, hata kwa dau. Kiazi kitamu, sawa: kichome uma pande zote, kwa wati 800 kama dakika 5 au 6 kwa kimoja cha wastani, ukigeuze katikati ya safari.

Na yai. Niliweka yai la kuchemsha, limeshamenywa, sekunde 40. Ndani ya maikrowevu lilitulia. Lilipasuka nilipoligusa kwa uma, kiini kikaruka hadi kwenye kioo cha miwani yangu. Tangu siku hiyo, anayeagiza wali na yai nampelekea yai kwenye mfuko wake peke yake, na anaambiwa alile la baridi.