SOMO: Kufufua seti ya LEGO ya mtumba, toka mfuko wa vitofali hadi kwenye rafu

Wakuu, salaam. Najua humu wamo watu wazima wanaopenda kujenga seti za vitofali ila bei ya boksi jipya inawakata stimu. Mimi napita njia ya mtumba: nanunua mfuko wa vitofali vilivyochanganyika, bila boksi wala kitabu, kisha navirudisha kuwa seti. Kazi inachosha, lakini kwangu ni tamu kuliko kujenga kwenyewe. Hapo najua nitapingwa.

LEGO ni kampuni ya vitofali vya plastiki vya kuchezea, ya Billund, Denmark, ya tangu 1932. Kitofali tunachokijua kiliombewa hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) Januari 1958, na cha mwaka huo bado kinashikana na cha leo. Ndiyo maana mfuko wa zamani haudharauliwi.

1. Kagua kabla ya kulipa. Kila kinundu (kile kidude cha mviringo kilichochomoza juu) cha kitofali halisi kina jina LEGO juu yake. Chota kiganja kimoja kutoka chini ya mfuko, maana juu muuzaji amepamba. Angalia alama za meno na nyufa kwenye kona. Ukiona vile vijitu vidogo bado vimo, changamka: wauzaji wajanja huvitoa mapema na kuviuza peke yake, kwa hiyo mfuko huo huenda haujachambuliwa.

2. Osha. Beseni, maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, sabuni kidogo ya maji. Maji ya moto yanapinda plastiki. Mota, taa na vyenye stika visiingie majini, vifute kwa kitambaa. Suuza, tandaza kwenye taulo kivulini, upande wenye vinundu juu ili maji yatoke kwenye uwazi wa chini. Washa feni, nenda kalale.

3. Panga kwa umbo, usipange kwa rangi. Hapa ndipo wengi wanakwama. Rundo la rangi moja linapendeza machoni, lakini jaribu kutafuta kibamba (kitofali chembamba) cheusi cha vinundu viwili ndani ya rundo jeusi: vyote vinaonekana sawa, unabaki kupapasa. Weka vibamba vyote vya vinundu viwili kwenye kopo moja, rangi zote humo, na cheusi utakiona mara moja. Makopo ya siagi na trei za mayai zinatosha kabisa. Vitu vya ajabu ajabu (bawaba, madirisha, chochote chenye mchoro) viwe na kopo lao.

4. Itambue seti. Vitofali vingi vina namba ndogo upande wa ndani. Tumia tochi ya simu. 3001 ni kile cha vinundu 2 kwa 4, na kwa kuwa kipo kwenye seti nyingi mno hakikusaidii kitu. Anza na kopo la vitu vya ajabu. Ingiza namba na rangi kwenye tovuti za orodha za vitofali, Rebrickable au BrickLink, utaona seti zilizowahi kukitumia. Vipande vitatu vikikutana kwenye seti ileile, umeipata. Kitabu cha maelekezo cha seti nyingi kinapakuliwa bure kwenye tovuti ya LEGO kwa namba ya seti.

5. Jaza mapengo. Andika orodha nzima kwanza, ndipo uagize, kwa sababu nauli ya posta inaweza kuizidi bei ya vitofali vyenyewe. Sehemu za ndani zisizoonekana weka rangi yoyote. Kumbuka pia vibamba 3 vikipandana vina kimo cha kitofali 1 (milimita 3.2 mara tatu ni 9.6), hivyo vinaweza kuziba pengo lake.

Kujenga sihitaji kukufundisha. Fuata kitabu.

MASWALI YA WADAU

Mdau, Mwanza: Mkuu, nina vyeupe vimegeuka njano. Niviloweke kwenye jiki?
Jibu: Hapana mkuu. Njano hiyo inaletwa na mwanga wa jua. Wengine huviloweka kwenye haidrojeni peroksaidi, wakiwa wamevaa glavu, na weupe unarudi. Baadaye njano huweza kurudi pia. Mimi vya njano navificha ndani ya kuta.

Mdau, Mombasa: Vya kampuni nyingine ni haramu?
Jibu: La. Hataza ya kitofali ilikwisha muda zamani, na COBI ya Poland wanatengeneza vyao kihalali. Tatizo ni wanaonakili seti na boksi la mwenzao zima zima, kama Lepin, waliovamiwa na polisi wa Shanghai mwaka 2019.

Mdau, Muscat: Vya kahawia vinakatika mkononi, nakosea nini?
Jibu: Hukosei, ndugu yangu. Kahawia ya miaka ya nyuma inajulikana kwa udhaifu huo. Tenganisha polepole kwa kile kifaa cha LEGO cha kutenganishia vitofali, cha rangi ya chungwa, na meno yaache.

Mdau, Dodoma: Shemeji yenu anasema nimerudi utotoni. Nimjibu nini?
Jibu: Mwonyeshe boksi lenye 18+, yaani la watu wazima. LEGO walianza kuiweka alama hiyo 2020. Kisha mpe kopo la vibamba akusaidie kupanga.