Kiarabu cha kuongea kwa mgeni wa Omani: somo la kwanza

Wiki yangu ya kwanza Maskati, tajiri alinipigia simu jioni: "Bukra, as-saa sab'a." Bukra nilishaijua ni kesho. Na saa saba, nani asiyeijua? Nikalala mpaka jua likapanda, nikafika kazini adhuhuri, shati limenigandia mgongoni kwa joto. Tajiri akatazama saa yake, akanitazama mimi, hakusema kitu. Sab'a ni saba kweli, ila saa saba yao ya asubuhi ndiyo saa moja yetu.

Kwa hiyo somo hili silianzi na alifu, bee, tee. Mswahili anaanza Kiarabu akiwa na maneno tele mfukoni, na baadhi yake ndiyo yatakayomwangusha.

Hatua ya 1: hesabu. Siku mbili zinakutosha. Sita, saba na tisa unazo. Ishirini hadi tisini unazo zote, kwa matamshi ya mbali kidogo. Mia ni miya, elfu ni alf. Hadi kumi, zinazobaki kukariri ni wahid, thnen, thalatha, arba'a, khamsa, thamanya, ashra. Angalia tu kwamba wao hutanguliza namba ndogo: 25 ni "khamsa w ishrin", tano na ishirini. Halafu nenda soko la Matrah, shika kitu chochote, uliza "Bikam hadha?", yaani hii bei gani. Ukijibiwa "nuss riyal", ni baisa 500, maana riyali moja ya Omani ina baisa 1,000. Rudisha kitu mahali pake, nenda duka la pili ukaulize tena. Wenye maduka wamezoea.

Siku za wiki zina mtego wake. Sisi tunaanza kuhesabu Jumamosi, wao Jumapili. Kwa hiyo yom ath-thalatha, ambayo masikioni mwako ni "siku ya tatu", si Jumatatu bali Jumanne. Yom al-arba'a ni Jumatano. Alhamisi na Ijumaa ndizo tumezichukua kama zilivyo, na Alhamisi (ya tano yao) ndiyo sababu Kiswahili kina "tano" mbili zinazofuatana.

Hatua ya 2: maneno yanayosaliti. La kwanza ni tafadhali. Sisi tunaombea, wao "tafadhal" ni kumkaribisha mtu apite, aketi, ale. Na ukimwambia mwanamume "tafadhali" ukaimalizia na hiyo i, umemkaribisha kama mwanamke. Ukitaka kuomba, sema "law samaht" (kwa mwanamke "law samahti"). La pili ni labda. Kwetu ni pengine, lakini "la budda" ya Kiarabu ni lazima. La tatu ni marhaba: kwetu ni jibu la shikamoo, kwao ni salamu, hata mtoto anaweza kukuanza nayo. Usimkasirikie.

Hatua ya 3: vipande vya kuungia. Abgha ni nataka. Lazim ni lazima. Wen ni wapi, hesh ni nini, aruh ni niende. Ukishavishika hivi unaunga mwenyewe: "Abgha shai." "Lazim aruh as-suq." "Wen al-mustashfa?" Hospitali hiyo, usije ukaisahau siku unayoihitaji. Ukizidiwa, sema "Ma fahamt. Marra thanya, shway shway", yaani sikufahamu, rudia, polepole.

Hatua ya 4: mume na mke. Hapa ndipo Kiswahili hakitusaidii hata chembe. Mwanamume unamwita "ta'al", mwanamke "ta'ali". Mwanamume ni "kef halak", mwanamke wa Kiomani "kef halish". Nilichanganya miezi mitatu na hakuna aliyenifukuza.

Hatua ya 5: mtu wa kuongea naye. Tatizo la Omani ni tamu: wazee wengi hapa wanaongea Kiswahili, waliotoka Unguja na Pemba baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengine waliorudi kuanzia 1970. Watakukumbatia, mtapiga soga, na Kiarabu hutajifunza. Mimi niliafikiana na mzee mmoja jirani: mpaka birika liishe ni Kiarabu, baada ya hapo Kiswahili. Alikuwa anakunywa taratibu makusudi.

MASWALI

*Shikamoo mwalimu. Mimi si Mwislamu. Naweza kusema inshallah na salamu aleikum?*

Marahaba, na hiyo ni ya kwetu, si ya kwao. Sema bila wasiwasi. Wakristo Waarabu nao husema inshallah, na hapa salamu hiyo hutolewa hata ukiingia dukani kununua maji.

*Nimesoma madrasa miaka sita lakini sokoni sielewi kitu. Kwa nini?*

Kwa sababu ulifundishwa fus-ha, Kiarabu sanifu cha vitabuni. Kitabu kinasema "ayna", mtaa unasema "wen". Kitabu "uridu", mtaa "abgha". Ila umetuzidi kwenye herufi: qaf na kaf unazitenganisha. Asiyeweza akitaka kusema qalb, moyo, anasema kalb, mbwa.

*Kaka, mimi niko Jeddah, nafanya kazi za ndani. Haya yatanifaa?*

Mengi yatakufaa, dada yangu. Badilisha machache: sema "esh" badala ya hesh, na mama mwenye nyumba muulize "kef halik". "Sasa hivi" utasikia dahin. Na ukisemeshwa kile Kiarabu cha vipande vipande, "inti ruh, mafi mushkila", kielewe lakini usikiige. Kinakatisha safari haraka, na ukishakizoea ni kazi kukitoa mdomoni.

*Mtu akinipa miadi, nitajuaje ni saa ipi bila kuaibika?*

Muulize "As-subh walla adh-dhuhr?" Subhi ni asubuhi, dhuhr ni adhuhuri. Hiyo walla ni "au", si wala yetu.