Tanga likishaanuliwa: namna ya kumshika mfiwa

Siku tatu za tanga mfiwa habaki peke yake hata usiku. Wanawake hulala naye mkekani, wanaume wako nje chini ya turubai, na mtani anaigiza mwendo wa marehemu mpaka mjane mwenyewe anacheka. Usimnyamazishe mtani kwa kuona aibu mbele ya wageni wa mjini: anampa mfiwa ruhusa ya kupumua.

Shida huanza siku ya nne, sufuria za watu zikisharudishwa. Kabla tanga halijaanuliwa, ketini ndugu watatu au wanne mpange zamu hadi arobaini: wiki mbili za mwanzo mtu mmoja kila usiku, kisha kila siku ya tatu. Andikeni majina na tarehe. Mkisema tu "tutakuwa tunapitapita", kila mmoja atamtegea mwenzake.

Ukienda, shika kazi. Chambueni mchele pamoja. Mikono ikishughulika, maneno hutoka yenyewe. Mtaje marehemu kwa jina. "Unaendeleaje?" itajibiwa "namshukuru Mungu" na mazungumzo yataishia hapo, kwa hiyo uliza ya jana: ulilala saa ngapi, uliamka saa ngapi, ulikula nini?

"Jikaze" liache, hasa kwa wanaume. Aliyekatazwa kulia anaweza kuumwa: kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, mwili hauna nguvu. Mpeleke akapimwe, presha pia ipo, lakini vipimo vikiwa safi usimwambie hana kitu.

Mjane wa Kiislamu asiye na mimba hukaa eda miezi 4 na siku 10, naye hatoki ovyo, basi watu ndio wamfuate. Eda haimzuii kwenda hospitali. Wapo wanaomfungia ndani na maradhi yake kwa kutojua.

Akisema "heri ningemfuata", muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Akikubali, asiachwe peke yake, ondoeni dawa ya panya na sumu ya shambani, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Huzuni yenyewe msiiharakishe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani huihesabu kuwa ugonjwa ikipita angalau miezi 6, ikavuka wazi desturi za jamii yake, na ikamzuia kuishi kama kawaida. Kwa hiyo mkifika kwa daktari, mwelezeni kwenu watu huomboleza vipi na kwa muda gani, na kipi sasa kimezidi.