Timu ya basketi ya chuo: umlete mchezaji kutoka chuo kingine au uwakuze ulionao?

Kila mwaka vyuo vya hapa Mtwara vikianza kupokea wanafunzi wapya maneno ni yale yale, kocha kuna dogo yuko chuo fulani Dar anapiga pointi gadi (yule anayeongoza mashambulizi) balaa, anataka kuhamia huku, tumchukue? Msimamo wangu ni huu: mchukue kama anaziba tundu ambalo unaweza kulitaja, na kama masomo yake yanahama bila kuumia. Likikosekana moja kati ya hayo muache alipo hata kama anadanki kwa mikono miwili. Sasa utajuaje, fanya hivi.

Anza na dakika. Mechi yetu ni kota nne za dakika kumi kumi, uwanjani watu watano, zidisha unapata dakika 200 za kugawa na hamna zaidi ya hapo. Chukua daftari andika mechi zako za karibuni nani kacheza dakika ngapi, alafu jaribu kumuingiza mgeni. Mtu hahami chuo aje kukaa benchi, atategemea dakika 30 hivi, haya hizo 30 unamkata nani? Andika jina kabisa. Ukiona majina unayoyakata ni ya madogo wa mwaka wa kwanza wanaopanda vizuri, basi unanunua msimu huu kwa kuuza miwili ijayo, na hapo ndo timu nyingi za vyuo zinapokufa kimya kimya maana mgeni akimaliza anaondoka na aliyepaswa kumrithi alishaacha kuja mazoezini.

Ukimaliza hapo tafuta tundu. "Tunafungwa sana" sio tundu, hayo ni matokeo. Mpe mtu mmoja kalamu ahesabu tanova (mipira tunayoipoteza kabla ya kurusha), ribaundi (mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa) tulizonyang'anywa chini ya ringi yetu, mitupo huru tuliyokosa, na nani anatolewa mapema kwa fauli tano. Mara nyingi utakuta timu inapoteza mipira kwenye presha wakati kamati yote inahangaika kutafuta mtu mrefu. Mitupo huru haihitaji mgeni, inahitaji watu wabaki baada ya mazoezi wakati jua limeshapoa.

Alafu kabla hujapiga simu Dar angalia hapa hapa. Mtwara imepokea UMISSETA, michezo ya shule za sekondari ya taifa, mwaka 2019 na 2021, vijana wa Masasi, Newala, Nachingwea wanacheza michezo mingi tu shuleni na wengine wanakuja chuoni kwako hawajawahi kuulizwa. Simama siku ya usajili uangalie. Golikipa wa timu ya miguu ana mikono na anajua kuruka kwa wakati, huyo ni ribaundi. Na kwa timu ya wasichana tafuta wachezaji wa netiboli, wanajua kudaka, kujitenga na beki na kusimama kwa mguu mmoja bila kutembea, kitakachowasumbua ni dribo (kudundisha mpira) tu kwa kuwa kule hamna, na dribo ya kumtosha senta, yule mrefu wa chini ya ringi, inafundishika ndani ya muhula. Naumia sana nikiona dada wa aina hiyo anakaa jukwaani huku uongozi unatafuta mtu wa nje.

Wengi watakwambia mbona Marekani kila timu inahamisha. Ni kweli, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule, walianzisha mfumo wao wa uhamisho 2018, 2021 wakaruhusu mchezaji ahame mara moja tu katika masomo yake na kucheza papo hapo bila kukaa nje mwaka mzima, na 2024 wakafungua kabisa ilimradi masomo yake yako sawa. Chuo cha Florida walibeba ubingwa 2025 kwa kuifunga Houston 65-63, na Walter Clayton Jr. aliyewabeba katoka Iona, Alijah Martin katoka Florida Atlantic, Will Richard katoka Belmont. Ila wanaosimulia hayo wanaruka kitu: Clayton alikuwa na msimu wake wa pili pale, Richard wa tatu, na warefu wao Alex Condon na Thomas Haugh walianzia hapo hapo tangu mwaka wa kwanza. Yani wageni wamepandikizwa juu ya shina lililokuwepo. Na Hasheem Thabeet wetu alikaa chuo cha Connecticut kule Marekani misimu mitatu, akaingia hajakamilika, akatoka 2009 akachaguliwa wa pili kwenye drafti (siku timu zinapochagua wachezaji wapya) ya NBA. Tena wenzetu wana ufadhili na saivi wanalipa wachezaji, wewe una kitanda cha hosteli, nacho ukipate kwa kuomba.

Masomo sasa, hapa usiwe na haraka. Uhamisho wa digrii unapita kwa utaratibu wa TCU, tume ya vyuo vikuu, na una dirisha lake, cheti na stashahada viko chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Chuo kinachopokea kinapima masomo aliyosoma kama yanalingana na kozi yake, yasipolingana kijana anarudia. Kama ana mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo) nao una utaratibu wake wa kuhama, asipoufuata atakuja kukaa Mtwara hana hela ya kula. Kwahiyo muone mtu wa udahili kabla hujamuahidi dogo chochote, nenda na matokeo yake mkononi. Piga na hesabu ya misimu: digrii nyingi ni miaka mitatu, akija mwaka wa pili unampata misimu miwili, akija wa tatu ni mmoja, na wa tatu kwangu mimi hapana. Mzazi wake pia aongee na wewe moja kwa moja, mama yuko Kigamboni anamuuliza mwanae kwa nini anahama, jibu lisiwe mpira peke yake. Na karatasi zikiwa hazijakamilika asivae jezi hata ya kirafiki, huyo bado ni mamluki, mkikatiwa rufaa anayeadhirika ni timu nzima.

Kuna njia nzuri zaidi ambayo haizungumzwi. Mtafute anayemaliza stashahada chuo kingine na anataka kuendelea na digrii. Huyo anaomba udahili kama mtu mwingine yeyote, hajakatisha kitu, hajagombana na mtu, anakuja na umri na akili ya mchezo na unakaa naye miaka mitatu. Hata waliomaliza vyuo vya Lindi na Mtwara wapo, wanaujua joto letu na kwao ni karibu.

Ukishampata wa kweli nenda kamuone akicheza, clip za WhatsApp zinaonyesha vikapu tu. Angalia anafanya nini sekunde tano baada ya kupoteza mpira, anarudi kukaba au anamlalamikia refa. Akitolewa anakaa wapi, anashangilia? Kama anasifika kwa pointi tatu na amezoea ukumbi wa ndani, mrushishe nje, viwanja vyetu viko wazi na upepo wa bahari jioni unasogeza mpira. Mpigie kocha wake wa sasa ukijitambulisha, usimzunguke, maana utakutana naye tu kwenye mashindano. Muulize swali moja, ungekuwa na nafasi ungembakiza?

Kapteni wako aambiwe kabla ya mgeni kufika, na yule anayekatwa dakika umuite pembeni umwambie mwenyewe kwa heshima, asisikie kwa watu. Mgeni naye usimuahidi namba. Muahidi mazoezi, muahidi utamfuatilia masomo, na umtajie kwa uwazi hosteli, chakula na nauli vikoje, kwa sababu kutoka Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 500 na likizo atataka kwenda kwao.

Idadi, usizidishe wawili kwa msimu kwenye kikosi cha watu 12. Wakishafika waanzie benchi mechi za kirafiki, wajifunze miito yenu ya difensi, na wapangie chumba na wachezaji wenzao wa mwaka ule ule. Daftari la dakika liendelee, baada ya mechi tano linganisha tundu ulilolitaja mwanzo na namba za sasa. Kama tanova hazijapungua na pointi gadi wako mpya anacheza dakika 30, mpunguzie, mrudishe yule wa kwanza uwanjani.