Kujifunza Kiingereza mwenyewe: anza na sikio na mdomo

Wakuu, somo hili ni la yule anayesoma tangazo la kazi la Kiingereza akalielewa, ila akiulizwa swali kwa mdomo anabaki anatabasamu. Maneno anayo, hajazoea tu kuyatamka.

Hatua ya 1: Tafuta sauti fupi yenye maandishi yake. BBC Learning English wana kipindi kiitwacho 6 Minute English, ni bure. Pakua ukipata wifi, bando lisiishe.

Hatua ya 2, na kazi yenyewe iko hapa. Achana na dakika zote sita, chukua nusu dakika tu. Sikiliza bila kusoma. Sikiliza tena ukifuata maandishi. Kisha simamisha kila sentensi, uirudie kwa sauti ukiiga hadi mapigo yake. Halafu jirekodi kwa simu, ulinganishe. Utajisikia ukipachika irabu mwishoni, "good" ikawa "gudi". Utasikia pia "ship" na "sheep" zimetoka sawa, kwa sababu Kiswahili kina irabu tano tu na "i" yetu ni moja. Rudia kipande hichohicho mpaka ulimi uzoee. Inachosha, sikufichi.

Hatua ya 3: Daftarini andika sentensi nzima. Ukikariri "depend" peke yake utasema "it depends the price", kwa kuwa sisi tunasema "inategemea bei" basi. Andika "It depends on the price".

Hatua ya 4: Kila jioni andika mistari mitatu ya siku yako, uisome kwa sauti.

MASWALI

Mkuu, kwa hiyo sarufi niache?
Usiache, ila anza na unachokijua. "I ate" na "I have eaten" zinakaribiana sana na nilikula na nimekula.

Nachanganya "he" na "she" kila mara.
Ni wengi, "yeye" wetu habagui. Wiki nzima simulia habari za mama yako tu, inayofuata za baba.

Nikijaribu kijiweni wananicheka.
Kijiweni acha kwanza. Tafuta mmoja anayejifunza kama wewe, mpigiane simu.

Na muvi zilizotafsiriwa na DJ?
Hizo burudani tu, sauti ya DJ inafunika Kiingereza chenyewe. Tafuta muvi yenye maandishi ya Kiingereza chini, uchukue kipande kimoja, urudi hatua ya 2.