Shindano la makasia mtandaoni: ivunjeni milioni iwe ya kila siku

Nahodha, ukiandikisha timu kwenye shindano la Januari la Concept2, kampuni ya mashine za mazoezi, lile la kupiga makasia kwenye mashine huku mita zenu zikijumlishwa mtandaoni, usiwape watu lengo la timu peke yake. Mita milioni moja zinatisha. Zigawe: mko watu 10, kila mmoja 100,000, na akipumzika siku mbili kwa wiki inabaki kama mita 4,500 kila siku ya zoezi. Kwa mwendo wa dakika 2 na sekunde 30 kwa kila mita 500, hizo ni dakika 23 hivi. Hapo hata anayetoka kazini usiku anaona inawezekana.

Kisha angalia unachotuma kwenye kundi la WhatsApp. Orodha ya wanaoongoza hufurahisha watatu na kuwanyamazisha wengine wote. Napendelea kutuma kila Jumapili jioni jumla ya timu, mita zilizobaki, na jina la aliyezipita mita zake mwenyewe za wiki iliyotangulia, hata kama ametoka 3,000 akafika 6,000. Aliye kimya mtafute pembeni, umuulize hali. Mgongo ukimuuma apumzike, wenzake wabebe sehemu yake.

Mkumbushane pia kuingiza mita siku hiyohiyo, maana zisizoandikwa hazihesabiki. Na wanaotumia mashine ya baiskeli wajue mapema kwamba mita zake huhesabiwa nusu, wasije wakavunjika moyo katikati ya mwezi.