Mafuta ya chipsi kuwa dizeli ya basi

Mafuta yaliyochoka ya vibanda vya chipsi yachuje kwa kitambaa kizito, kisha yapashe hadi nyuzi 110 mpaka mapovu yaishe. Usiharakishe: maji yakibaki utapata sabuni.

Pima asidi. Changanya mililita 1 ya mafuta na 10 za alkoholi ya isopropili, tia fenolfthalini (kiashiria kinachogeuka waridi asidi ikiisha), dondoshea maji ya kostiki soda (gramu 1 kwa lita) mpaka rangi ya waridi idumu. Kila mililita uliyodondosha ni gramu 1 ya kostiki soda ya kuongeza juu ya gramu 5 za msingi kwa kila lita ya mafuta.

Yeyusha kostiki soda kavu ya uzito huo katika mililita 200 za methanoli (aina ya alkoholi) kwa lita ya mafuta, nje, mbali kabisa na moto. Mvuke wake ni sumu. Mimina kwenye mafuta ya nyuzi 55, koroga saa nzima kwa kufunika, yaache usiku kucha. Gliserini nyeusi hutuama chini, itoe. Osha kwa maji vuguvugu mpaka yatoke safi, kausha.

Kwenye basi, ichanganye na dizeli ya kawaida, usizidishe asilimia 20. Badilisha filta mapema, kwani mchanganyiko hung'oa uchafu wa tangi. Asubuhi za Julai Nairobi, dizeli iliyotokana na mawese huganda na kuziba filta. Miezi hiyo punguza kiasi.